Shajara ya mradi: Kufufua pikseli zilizokufa kwenye moduli 152 za skrini ya LED

Skrini inayoundwa ni ya ndani, ya ukumbi wa sherehe, upana mita 3.84 na kimo mita 1.92. Moduli ni za P5, yaani pikseli moja kila milimita 5, kila moduli sentimita 32 kwa 16. Zinapangwa 12 kwa upana na 12 kwenda juu, jumla 144, sawa na pikseli 768 kwa 384. Ziliagizwa 152 ili nane ziwe akiba, zote za toleo moja la kiwandani. Karakana iko Dar es Salaam, na kazi imeangukia masika. Hilo la masika tulilichukulia kijuujuu mwanzoni, na ndilo lililotugharimu kuliko yote.

Kwa atakayeiga kazi hii, moduli yenyewe iko hivi: taa 2,048 za aina ya 2121, kila moja ikibeba nyekundu, kijani na bluu ndani ya nyumba moja ya milimita 2.1. Zinawashwa kwa zamu 16. Mgongoni kuna IC (chipu) 24 za safu wima zenye matokeo 16, yaani miguu ya kutolea, kila moja, IC mbili za 74HC138 za kuchagua mstari, na IC nane za 4953 za kupeleka umeme kwenye mistari. Moduli za siku hizi nyingi zimeunganisha 138 na 4953 ndani ya IC moja. Hizi ni za mtindo wa zamani, na kwa fundi ni nafuu.

Machi 4, 2025. Ukaguzi wa mezani

Kila moduli ilipewa namba mgongoni kwa kalamu ya rangi kabla ya kuguswa kwa jambo lolote. Meza ya majaribio: pawa saplai moja ya volti 5, kadi ya kupokea picha, kebo bapa moja ya HUB75 (aina ya plagi ya moduli hizi). Hakuna haja ya kompyuta, kwa sababu kitufe cha majaribio kwenye kadi kinazungusha nyekundu, kijani, bluu, nyeupe na mistari. Kila rangi ilipigwa picha kwa simu. Usiisahau nyeusi: pikseli isiyozima haionekani mpaka skrini nzima iwe giza.

Matokeo: moduli 31 zina hitilafu. Kati yake 22 zina pikseli mojamoja (jumla 46), sita zina safu wima zilizozima, tatu zina mistari mlalo.

Wauzaji wengi huahidi pikseli mbovu isiyozidi 1 kwa kila 10,000. Kwa skrini hii ahadi hiyo inaruhusu 29. Mwenye ukumbi hahesabu 29. Anaona tundu moja jeusi kwenye paji la uso la bwana harusi. Lengo tuliloandika ubaoni ni sifuri siku ya makabidhiano.

Na tuna bahati ambayo viwanda vya vioo vya LCD hawana. Kule pikseli ikishang'ang'ania kuwaka, mara nyingi kinachofanyika ni kuipiga leza ili iwe nyeusi moja kwa moja, kwa kuwa jicho linavumilia nukta nyeusi kuliko nukta inayong'aa. Hapa taa inang'oka na nyingine inawekwa.

Machi 7. Kusoma ugonjwa kwa umbo lake

Kabla ya kupasha moto pasi ya solda, umbo la hitilafu linakuambia uguse wapi. Siku nzima ilitumika kwenye hili na haikupotea.

Pikseli moja ikizima rangi zote tatu, tazama mguu wa chanya. Taa hizi zina miguu minne: mmoja wa chanya unaotumiwa na rangi zote, na mitatu ya hasi. Ni nadra chembe tatu za ndani, moja ya kila rangi, kufa kwa mpigo, ila mguu mmoja kuachia solda ni jambo la kila siku. Ikikosekana rangi moja tu, ama mguu wa rangi hiyo umeachia, ama chembe yenyewe imekufa.

Pikseli 16 za safu wima moja zikikosa rangi ileile, taa zote 16 haziwezi kuwa zimekubaliana kufa. Ni tokeo moja la IC ya safu wima, au njia yake ya shaba.

Safu 16 zilizo jirani zikizima rangi moja huku zinazofuata ziko hai, IC inapitisha data lakini haitoi mkondo. Angalia kipingamizi cha kupanga mkondo kilichoshikamana na mguu wa 23. Zikizima kuanzia safu fulani hadi mwisho wa moduli, data imekatika njiani: IC hizi hupokezana data kama ndoo za maji kwenye msururu, mmoja akidondosha, wote walio mbele yake wanabaki mikono mitupu.

Mistari mlalo huzima miwiliwili, ikiachana kwa mistari 16, kwa sababu kila zamu inawasha mstari mmoja juu na mmoja chini. Ukiona miwili imezima, shuku 4953 au 138. Ukiona mmoja tu, 4953 haina kosa. Tafuta njia iliyokatika.

Kuna hitilafu moja ya uongo nayo. Moduli sita zilizofungwa mwisho wa waya wa umeme zilionyesha nyeupe yenye wekundu, kana kwamba kijani na bluu zinakufa. Mita kwenye plagi yao ilisoma volti 4.1. Nyekundu inahitaji volti chache kuliko wenzake, hivyo umeme ukipungua inabaki peke yake. Waya wa milimita 1.5 za mraba uling'olewa, ukawekwa wa 2.5, na kila pawa saplai ya ampea 40 ikapewa moduli sita tu. Volti zikapanda hadi 4.8 na "ugonjwa" ukaisha bila kugusa taa hata moja. TSh 28,000.

Machi 12. Safu wima na mistari mlalo zimekwisha

Moduli tisa. Nne zilipona kwa fluksi (dawa ya kusaidia solda ishike) na kupitisha pasi juu ya miguu ya IC. Mstari wa moduli 64 nao ulikuwa hivyohivyo, mguu wa 138 uliokuwa umeachia. Zilizobaki ni hizi.

Moduli 37: nyekundu, nusu ya chini, imezima kuanzia safu ya 33 hadi ya 64. IC ya tatu ilibadilishwa kwa kudhani imekufa. Hali ikabaki palepale, TSh 2,000 zikaenda. Kilichopaswa kufanywa kwanza ni kupima mguu wa 22 wa IC ya pili, unaotoa data, dhidi ya mguu wa 2 wa IC ya tatu, unaopokea. Panapaswa kuwa chini ya omu 1; mita haikusoma kitu. Tundu linalounganisha pande mbili za bodi lilikuwa limekatika chini ya kibandiko cha namba ya kiwanda, na bila kubandua kibandiko lisingeonekana. Waya wa kipenyo cha milimita 0.1 wenye rangi ya kuhami ukaruka kutoka mguu hadi mguu, ukabandikwa kwa tone la gundi. Tangu hapo kanuni ni moja: pima njia kabla ya kulaumu IC.

Moduli 81: IC moja kweli ilikuwa imekufa, safu moja tu ya bluu, mguu wa tokeo una shoti kwenda hasi. Ilibadilishwa.

Moduli 112: mstari wa 5 na wa 21 hauzimi, unaonyesha ukungu wa picha nzima. 4953 imepiga shoti: kati ya mguu wa 1 na miguu ya 7 na 8 mita ilisoma omu 3. Moduli 140: mistari miwili imezima kabisa, 4953 haitoi. Zote mbili zilibadilishwa. IC tano za safu wima zilinunuliwa kwa TSh 10,000 na 4953 tano kwa TSh 7,500. Zilizosalia ziko kwenye droo.

Machi 15. Pikseli mojamoja: zipi zinahitaji taa mpya

Kati ya 46, kumi na moja ni taa za ukingoni zilizodondoka kabisa. Ni majeraha ya kubeba: moduli mbili zikigongana pembe kwa pembe, taa ya mwisho inang'oka na wakati mwingine inaondoka na pedi yake, kile kipande cha shaba mguu unapouziwa solda. Tangu leo moduli zinalazwa kifudifudi juu ya sponji, hazisimamishwi kama vitabu.

Tisa zilipona kwa kuongezewa fluksi na kuguswa miguu kwa pasi yenye ncha nyembamba. Zimebaki 37 za kubadilisha.

Onyo la mita: nyingi za bei nafuu, zikiwekwa kwenye alama ya dayodi, hazina volti za kutosha kuwasha kijani na bluu. Nyekundu itawaka, wenzake hawatawaka, nawe utadhani taa mpya ni mbovu. Tumia mita inayotoa volti 3 na zaidi, au betri ya volti 3 na kipingamizi cha omu 100.

Machi 19. Jaribio la kwanza: bloa peke yake. Limeshindwa

Bloa (kipuliza hewa ya moto) nyuzi 350, solda ya kawaida yenye risasi, taa kutoka duka la vifaa Kariakoo. Zilibadilishwa tano. Zote tano ziliwaka, lakini jirani zake nne ziliharibika: mbili zikageuka manjano usoni, moja ikahama kutoka kwenye pedi, moja ikapoteza bluu. Kati ya taa na taa kuna milimita 2.9 tu, na upepo wa moto haujui mipaka.

Hesabu ya ubaoni ya pikseli zilizobaki, baada ya siku nzima ya kazi: 36.

Kosa jingine dogo lakini la kuudhi: taa mbili za kwanza ziliwaka nyekundu mahali pa bluu. Kona iliyokatwa kwenye nyumba ya taa haimaanishi mguu uleule kwa kila mtengenezaji. Pima taa moja ya kila mfuko kabla ya kufunga.

Machi 24. Jaribio la pili: kuvunja kwanza. Lilionekana limefaulu

Badala ya kuyeyusha miguu minne kwa pamoja, taa mbovu inapondwa kwa mkasi wa kukatia waya, vipande vinaondolewa kwa kibano, kisha miguu iliyobaki inasafishwa mmojammoja kwa pasi. Pedi haziumii na jirani hawapati joto. Jirani wanafunikwa kwa foili ya jikoni iliyokatwa kidirisha cha milimita 3. Taa mpya inakaa juu ya pedi zilizopakwa solda, bloa nyuzi 320 kwa sekunde 15.

Taa 12 zilibadilishwa hivyo. Zote ziliwaka, jirani wote salama. Asubuhi ya Machi 25, saba kati ya 12 zilikuwa zimepoteza rangi moja au zaidi, na mbili kati ya zile tano za mwanzo nazo zimekufa. Ubao ukasoma 33.

Machi 26. Kwa nini zinakufa usiku

Solda ilikuwa ya kwanza kushukiwa, ikaonekana safi. Kisha likaonekana jambo: taa iliyokufa ukiibonyeza usoni kwa kijiti cha meno inawaka, ukiachia inazima. Solda iliyoachia haifanyi hivyo ukibonyeza katikati. Hufanya ukisukuma pembeni. Chini ya lenzi ya kukuza mara 20, taa zilizokufa zina duara jembamba la rangi ya fedha kati ya utomvu unaoonyesha na nyumba nyeupe. Hewa imeingia pale ambapo hapakupaswa kuwa na hewa.

Ni unyevu. Nyumba ya taa hizi inanyonya maji kutoka hewani kama chumvi ya jikoni wakati wa mvua. Bloa inapoipiga ghafla, maji yanakuwa mvuke, utomvu unanyanyuka, na waya mwembamba wa ndani unanyofoka au unabaki umegusa tu. Unapogusa, taa inawaka. Bodi ikipoa na kusinyaa, unaachia.

Taa za dukani zilikuwa zimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye utepe wake na kutiwa kwenye kimfuko cha nailoni. Kiwandani husafirishwa ndani ya mfuko wa fedha uliofungwa bila hewa, pamoja na kikaratasi cha kupimia unyevu kinachobadilika rangi. Zimekaa dukani muda gani bila mfuko, hakuna anayejua. Taa 200, TSh 30,000, zimewekwa pembeni.

Aprili 2. Kisanduku cha kukaushia

Dawa ni nyuzi 65 kwa saa 24. Si zaidi, kwa sababu utepe unaobeba taa unapinda.

Oveni ya umeme ya mezani ilijaribiwa kwanza. Alama yake ya chini kabisa inaruka: kipimajoto kilishuhudia 50 hadi 110 katika dakika kumi. Utepe ulijikunja kama kitumbua kilichoungua, taa 40 zikatupwa.

Kilichofanya kazi ni kile wafuga kuku wanachokijua tayari, kisanduku cha kutotolea vifaranga, ila cha joto zaidi. Mbao za plaiwudi zilizobaki, sentimita 40 kwa 30 kwa 30. Balbu mbili za wati 60 za mtindo wa zamani pamoja na soketi, TSh 7,000. Kidhibiti joto cha W1209, kilekile kinachouzwa kwa ajili ya vifaranga, TSh 12,000. Feni ya kompyuta TSh 8,000, adapta ya volti 12 TSh 10,000. Jumla TSh 37,000.

Kidhibiti kimewekwa 65 na tofauti ya nyuzi 2. Siku ya kwanza kihisi kilikuwa karibu na balbu, kikawa kinazima mapema. Sahani ya taa yenyewe ilikuwa nyuzi 48 tu. Kihisi kinapaswa kulala juu ya sahani, katikati ya taa. Feni isizimwe hata mara moja, la sivyo juu kunakuwa Dodoma na chini Lushoto.

Moduli inayotengenezwa nayo inaingia kisandukuni, si taa pekee. Jirani wa taa mbovu wamenyonya unyevu uleule na watapata joto lilelile. Kisanduku kinameza moduli sita kwa mpigo. Zikitoka, taa zinakaa kwenye chupa ya kahawa yenye vijipakiti vya kunyonya unyevu, na sharti letu ni kuzitumia ndani ya saa 24 au kuzirudisha.

Aprili 5. Taa za rangi ileile, na solda ya joto dogo

Mabadiliko mawili kwa pamoja.

La kwanza ni chanzo cha taa. Zile za dukani zilizosalimika zinaonekana sawa kwenye nyeupe kali, lakini kwenye kijivu hafifu zinatoa kijani kibichi zaidi ya jirani zao. Taa hupangwa kiwandani kwa makundi ya rangi na mwangaza, na kundi lingine halifichiki. Moduli moja ya akiba ya toleo lilelile imetolewa kafara, TSh 42,000. Ilikaushwa saa 24, kisha bloa ya nyuzi 360 ikapigwa kutoka mgongoni, upande wa IC, na taa zikainuliwa kwa kibano upande wa mbele pindi solda ilipong'aa. Joto linafika kwenye miguu kupitia bodi bila kuunguza uso wa taa. Zimepatikana taa kwa mamia. Kazi hii haihitaji hata mia.

La pili ni solda ya bati na bismathi, inayoyeyuka kwa nyuzi 138 badala ya 183 za ile ya risasi au 217 na zaidi za ile ya kiwandani. Kichupa cha gramu 35, TSh 38,000. Bloa sasa ni nyuzi 230 kwenye kipimo, upepo mdogo, mdomo wa milimita 5, sekunde 20 hadi 25, baada ya kupasha mgongo wa bodi kwa dakika moja.

Zilibadilishwa sita, zote kwenye pedi zilizokwisha kuguswa na jaribio la pili. Ziliwaka. Kisha jaribio la kijiti: sukuma taa pembeni kwa nguvu ya kidole kimoja. Nne zilitoka kama pipi iliyolowa.

Sababu ni mchanganyiko. Pedi zile zilikuwa bado na solda ya risasi ya Machi. Bati, risasi na bismathi vikikutana hutoa mchanganyiko unaoanza kuyeyuka karibu na nyuzi 96, dhaifu na wenye chembechembe kama sukari. Usichanganye hata chembe. Pedi yoyote iliyowahi kuguswa na risasi inafutwa kwa utepe wa shaba wa kunyonyea, inapakwa bismathi, inafutwa tena, kisha ndipo inapakwa ya kudumu. Solda ya kiwandani isiyo na risasi haina ugomvi huo. Ncha ya pasi iliyokuwa inatumia risasi ikatengwa kabisa.

Aprili 12. Zilizobaki 31 zimekwisha

Siku tatu za kazi, wastani wa dakika 12 kwa taa ukiondoa kukausha. Zote zimewaka, zote zimevumilia kijiti. Pedi nne zilikuwa zimeng'oka kwenye taa za ukingoni. Hapo rangi ya kijani ya bodi ilikwanguliwa milimita 2 kwa wembe hadi shaba ikaonekana, na unywele mmoja wa waya ukatumika badala ya pedi. Mguu wa chanya kwenye ukingo una njia pana na ni rahisi. Mguu wa bluu una njia nyembamba kama uzi, na mmoja ulichukua karibu saa nzima.

Aprili 16. Kuwasha kwa saa 72: kosa la dakika za kwanza

Moduli 144 zilifungwa kwenye fremu na kuwashwa nyeupe, mwangaza asilimia 100. Ndani ya saa mbili pikseli 14 mpya zikaharibika: tisa zimezima, tano zimeleta kitu kingine kinachoelezwa chini. Skrini ikazimwa.

Somo la Machi 26 lilikuwa limetumika kwa taa mpya tu. Moduli nzima zilikuwa zimekaa kwenye rafu wiki sita za masika bila umeme, nazo zimenyonya. Kuziwasha kwa nguvu zote ni kuzipiga bloa kutoka ndani.

Ziliwashwa upya hivi: asilimia 20 kwa saa nne, 40 kwa saa nne, 60 kwa saa nane, ndipo 100. Saa 72 zote zilizofuata zilileta vifo viwili tu vya taa za kiwandani na kimoja cha taa zetu 31. Katika taa nane za dukani zilizokuwa zimesalimika tangu Machi, tatu zilikufa. Tano zilizobaki ziling'olewa zikiwa hai, kwani hakuna sababu ya kuziamini.

Aprili 19. Kiwavi

Zile pikseli tano: kwenye skrini nyeusi au picha ya giza, safu wima ya pikseli 16 inawaka hafifu rangi moja, kijani au bluu, kama mdudu aliyelala. Tunauita kiwavi, na mafundi wa Kichina nao huuita hivyohivyo. Haukusababishwa na pikseli 16. Taa moja ndani ya safu inavuja umeme kinyumenyume, na mkondo huo mdogo unapita kwenye wenzake kila zamu yao inapofika.

Kumtafuta mwenye kosa: zima umeme. Mita kwenye dayodi, ncha nyekundu kwenye tokeo la IC la safu hiyo, ncha nyeusi inagusa mguu wa chanya wa kila taa, moja baada ya nyingine. Kumi na tano zitasoma sawa. Moja itasoma tofauti. Ndiyo hiyo. Usihangaike na namba kamili, kwa sababu IC nayo inachangia kwenye kipimo. Tafuta aliyetofautiana na kundi.

Viwavi vyote vitano vilikuwa kwenye moduli zilizoguswa na pasi, na vyote ni kijani au bluu, hakuna nyekundu. Chembe za kijani na bluu huumizwa na umeme wa ghafla kwa urahisi kuliko nyekundu. Pasi ilikuwa ya plagi ya pini mbili, bila ardhi. Mita ya AC kati ya ncha yake na waya wa ardhi: volti 90. Mkondo wake ni mdogo, mkono hausikii kitu, lakini chembe ya taa inasikia. Pasi ya pini tatu ilinunuliwa kwa TSh 95,000, omu 1.4 kutoka ncha hadi ardhi, na bangili ya mkononi ya kutoa chaji, TSh 8,000. Ardhi ya soketi yenyewe ilipimwa kabla. Soketi mbili za karakana zilikuwa na tundu la tatu la mapambo.

Aprili 28. Marudio

Taa 25 zimebadilishwa kwa utaratibu wa Aprili 5 na pasi mpya: 14 za saa mbili za kwanza, mbili za baadaye, moja yetu, na nane za dukani. Saa 48 nyingine za nyeupe kwa ngazi zilezile: hakuna aliyekufa, hakuna kiwavi. Kijivu cha asilimia 10 kilitazamwa kutoka mita tatu na kutoka pembeni. Taa za moduli ya kafara hazitofautiki na jirani zao.

Mei 3. Gharama na hali ya sasa

Waya 28,000, IC 17,500, taa za dukani zisizotumika tena 30,000, kisanduku 37,000, moduli ya kafara 42,000, solda ya bismathi 38,000, pasi 95,000, bangili 8,000. Jumla TSh 295,500, ukiacha kazi ya mikono. Kununua moduli 31 badala yake kungekuwa TSh 1,302,000, tena za toleo jingine ambalo rangi yake isingelingana.

Skrini imefungwa ukumbini. Akiba imebaki moduli saba, ambazo zimewekwa kwenye mifuko iliyofungwa pamoja na vijipakiti vya kunyonya unyevu, na mwenye ukumbi ameachiwa karatasi ukutani: skrini isipotumika zaidi ya wiki moja, ianze na asilimia 20. Siku ya makabidhiano pikseli zilizozima zilikuwa sifuri. Mei 2 imeonekana moja, moduli 58, safu ya 12, mstari wa 30, bluu. Haijaguswa bado, moduli iko kisandukuni inakauka.